Wasomaji wa vitabu: kumbukumbu yako ya usomaji ina nini ndani?

Msomaji wa Jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mwaka ukielekea ukingoni watu hutangaza hesabu zao za usomaji: huyu vitabu ishirini, yule hamsini. Nawapongeza wote, maana kusoma kunataka muda na utulivu, na vyote viwili ni adimu. Ila namba hiyo haimsaidii hata aliyeitangaza. Muulize kitabu alichosoma mwezi wa tatu kilimwachia nini, ataanza kwanza kulitafuta jina. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Tuzungumzie kumbukumbu ya vitabu tunavyosoma: inaandikwaje, inakaa wapi, na hasa ndani yake mna nini.

Msimamo wangu ni huu. Kumbukumbu ya usomaji iandike mambo ambayo hakuna mtu mwingine anayeweza kukuandikia. Muhtasari wa hadithi, idadi ya kurasa na picha ya jalada utavipata maktaba au mtandaoni siku yoyote. Kisichopatikana popote ni kwamba kitabu hiki ulikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, ndani kina muhuri wa shule ya mkoa ambao hujawahi kufika, ulikisoma zamu za usiku ukimuuguza mzazi, ukakiachia sura ya nne kwa sababu mhusika mmoja alifanana mno na mtu unayemfahamu. Hayo usipoyaandika wiki ileile yanapotea, na hakuna mkutubi atakayekurudishia.

Mimi natumia kaunta buku ya kwaya mbili. Kitabu kimoja, ukurasa mmoja. Juu naandika jina la mwandishi kama lilivyo kwenye jalada, jina la kitabu, mchapishaji, mji, na mwaka wa nakala niliyoishika. Chini yake naandika nimekipataje: nimenunua, nimeazima kwa fulani, nimepewa, au ni faili la kwenye simu. Kisha tarehe ya kuanza na ya kumaliza, au ukurasa nilioishia kama nimekiacha. Ukurasa wote uliobaki ni wa maneno yangu mwenyewe: nimekubali nini, nimekataa nini, na swali gani nimebaki nalo. Nikinukuu, naweka namba ya ukurasa palepale. Nukuu isiyo na ukurasa huwezi kuirudia wala kumwonyesha mtu.

Jina la mwandishi liandikwe kamili, na hili nalisisitiza. Zanzibar peke yake imetupa Muhammed Said Abdulla, mwenye hadithi za Bwana Msa. Mohamed Suleiman Mohamed, aliyeandika Kiu na Nyota ya Rehema. Na Said Ahmed Mohamed, mwenye Asali Chungu na Utengano. Ukiandika "Mohamed" ukaishia hapo, miaka mitano mbele hutajua ulikuwa unamsoma nani. Adam Shafi naye jina lake limechapwa kwa mpangilio zaidi ya mmoja. Kuna mahali utamkuta kama Shafi Adam Shafi. Chagua mpangilio mmoja uufuate daftari zima, na ule mwingine uuweke pembeni.

Vitabu nilivyoviachia njiani naviandika pia, tena kwa maelezo marefu kuliko vilivyonifurahisha. Sababu ya kuacha kitabu inanieleza mimi ni msomaji wa aina gani kwa wakati huo. Kuna vitabu niliviacha nikiwa kijana kwa kuwa havina mapigano, na leo hivyohivyo ndivyo ninavyovitafuta.

Jambo la mwisho. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, kuanzia 1838 hadi 1860 aliweka madaftari yenye orodha mbili, moja ya vitabu vya kusoma na nyingine ya vitabu alivyokwisha kusoma. Orodha ya kwanza ndiyo iliyonivutia, kwa sababu inaonyesha mtu alikuwa anatafuta nini kabla hajakipata. Nimeichukua. Kurasa za nyuma za kaunta buku yangu ni za vitabu ninavyovitafuta, na mbele ya kila kimoja naandika nani alinitajia. Baada ya muda unawajua watu ambao wakikutajia kitabu inafaa ukitafute siku hiyohiyo.

Nawasilisha. Karibuni wenye uzoefu.

Fundi Data

Mkuu, hoja yako ya mambo yasiyopatikana popote naiunga mkono. Kaunta buku siiungi mkono. Daftari linalowa, linaungua, linaliwa na mchwa, na ukihama nyumba ndilo linalobaki kwenye kabati. Tena halipangiki upya. Leo nikitaka kujua vitabu vyote nilivyoviazima kwa mtu mmoja, au vyote vilivyochapwa kabla ya 1980, wewe utapekua ukurasa kwa ukurasa. Mimi nabonyeza mara moja kwenye jedwali.

Ushauri wangu kwa wanaotaka kuweka kwenye kompyuta au simu: jambo moja, safu moja. Usichanganye mchapishaji na mwaka kwenye kisanduku kimoja. Tarehe andika ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2024-03-09. Ukiandika hivyo zinajipanga zenyewe kwa mfuatano sahihi hata programu isipojua kwamba hiyo ni tarehe. Safu ya "kiko kwa nani sasa" usiisahau, maana kitabu kikiazimwa bila kuandikwa kimeshaondoka.

Kuhusu mitandao ya vitabu: LibraryThing ilianza 2005, Goodreads 2007 na ikanunuliwa na Amazon 2013. Zinafaa, unakutana na wasomaji wenzako. Lakini msiziachie kumbukumbu yote. Palikuwa na Shelfari, iliyoanza 2006, ikanunuliwa na kampuni hiyohiyo 2008, na 2016 ikafungwa. Watu walikuwa na rafu zao mule za miaka kumi. Huduma ya mtu mwingine inafungwa kwa uamuzi wa mtu mwingine. Popote unapoandika, hakikisha unaweza kupakua orodha yako kama faili la CSV. Hilo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na linafunguka kwenye programu yoyote ya majedwali. Pakua kila baada ya miezi michache, ujitumie kwa barua pepe.

Mkutubi Mstaafu

Wanangu, nimefurahi kuona mazungumzo haya. Nimefanya kazi maktaba maisha yangu yote ya utumishi, na nitawaongezea kitu kimoja ambacho wasomaji wengi wanakiruka: ukurasa ule wa nyuma ya ukurasa wa jina, wenye herufi ndogo ndogo. Usomeni. Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kitabu.

Kwanza, tofautisheni toleo na chapa. Chapa ya pili inaweza kuwa maneno yaleyale yamepigwa tena mashineni kwa sababu nakala zimeisha. Toleo la pili lina mabadiliko: mwandishi amerekebisha, au ameongeza sura, au maandishi yamepangwa upya na namba za kurasa zimesogea. Ukinukuu "uk. 54" bila kutaja toleo, mwenye toleo jingine atafungua uk. 54 asione kitu. Kusadikika cha Shaaban Robert kilitoka 1951, na tangu hapo kimechapwa mara nyingi. Andika mwaka wa kwanza na mwaka wa nakala yako, vyote viwili.

Pili, jina la mchapishaji linakueleza zama. Ukishika kitabu chenye EALB, yaani East African Literature Bureau, ujue unashika kazi ya shirika lililoanzishwa 1948 na likaendelea hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, ilitoka huko. Upande wa Kenya kazi hiyo iliendelezwa na Kenya Literature Bureau. Ukiona TPH, hiyo ni Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, iliyoanza 1966. Ukiona Heinemann ya Nairobi, ni kabla haijageuka kuwa East African Educational Publishers mwaka 1992. Msomaji anayeandika mchapishaji na mji kwa kila kitabu, baada ya miaka kadhaa anakuwa na historia ya uchapishaji wa Afrika Mashariki mkononi mwake bila kukusudia.

Tatu, ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Vitabu vya zamani havina kabisa. Utaratibu huu ulienea kuanzia miaka ya 1970. Hadi mwisho wa 2006 namba ilikuwa na tarakimu 10, na kuanzia Januari 2007 ni 13. Baada ya 978 inayotangulia kwenye zile 13 zinafuata tarakimu za nchi au lugha: 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda, 9976 na 9987 ni Tanzania. Na kuna njia ya kujua kama umeinakili sawasawa. Chukua zile tarakimu 13, ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, endelea hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10, kuna tarakimu umeikosea.

Msomaji wa Jioni

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye EALB umenifungua macho. Nina vitabu kadhaa vyenye jina hilo na sikuwahi kuyaunganisha na kuvunjika kwa Jumuiya. Nitarudi kwenye kurasa zangu za nyuma niongeze mji na mchapishaji pale nilipoandika mwaka tu.

Fundi Data, tunatofautiana, na sioni ubaya. Wewe unataka kutafuta, mimi nataka kusoma tena nilichoandika. Nikifungua daftari kutafuta kitabu kimoja nakutana na vingine vitatu ambavyo sikuvikusudia, na hiyo kwangu ni faida.

Bint Pwani

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naona tunazungumza kana kwamba jambo hili limekuja na simu na madaftari ya shule. Huku kwetu pwani lipo zamani sana. Aliyesoma kwa masheikh anajua: hukisomi kitabu ukakimaliza kimya kimya. Unakidurusu mbele ya mwalimu, mstari kwa mstari, na ukikihitimu anaweza kukupa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha. Ndani ya ijaza mnatajwa kitabu, mwalimu uliyekisoma kwake, na yeye alikisoma kwa nani, na huyo kwa nani, sanadi inakwenda hivyo hadi kumfikia mtungaji. Ile ni kumbukumbu ya usomaji iliyo kamili kuliko zote nilizoziona humu, kwa sababu inasema ulisoma na nani. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, katika kitabu chake cha 1972 juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, anawaeleza wanavyuoni pamoja na walimu wao. Ukikifuatilia unaona elimu inavyotembea kutoka mtu hadi mtu, Lamu, Unguja, Mombasa, Ngazija, Hadhramaut.

Tazameni pia miswada ya kale, kama ile iliyohifadhiwa Lamu katika Msikiti wa Riyadha. Pembeni mna hashiya, maelezo ya waliosoma kabla yako, na mna maneno ya wakfu yanayosema kitabu kimetolewa na nani. Msomaji aliacha alama yake ndani ya kitabu chenyewe, na aliyemfuata akaisoma pamoja na matini.

Basi mimi nimeongeza mstari mmoja katika daftari langu: "nimekizungumza na nani". Dada zangu wawili wako Muscat, na mara nyingi tunasoma kitabu kimoja kwa pamoja kisha tunapigiana simu. Naandika walivyosema, kwa majina yao. Kitabu ambacho mstari huo umebaki mtupu huwa nakisahau upesi.

Mwalimu wa Nakuru

Hamjambo wanajukwaa. Bint Pwani, umenigusa. Nafundisha Kiswahili shule ya upili, na tatizo ninalokutana nalo ni kwamba mwanafunzi anakisoma kitabu teule kwa ajili ya mtihani pekee. Anajua maudhui, anajua wahusika, anajua mbinu za uandishi, na hajui kama alikipenda. Mwaka mmoja niliwapa daftari dogo la usomaji na nikawawekea sharti moja tu: wasiandike chochote ambacho wanaweza kukikuta kwenye mwongozo. Wiki za kwanza walikaa na kalamu mkononi hawana la kuandika. Kisha wakaanza. Msichana mmoja aliandika kwamba kila akifika kwa mama wa mhusika mkuu anafunika kitabu, anakwenda kuchota maji, halafu anarudi. Hiyo sentensi haikuwa na alama yoyote kwenye mtihani, lakini nilijua kwamba huyu sasa anasoma.

Sikuyasahihisha madaftari hayo kwa kalamu nyekundu na sikuyapa alama. Nilijibu chini yake kwa penseli, kama msomaji mwenzao. Mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu, nakusihi ulinde hilo. Ukianza kutoa alama wanarudi kukuandikia unachotaka kusikia.

Vitabu vya hadithi tunavipata kwa wale wauzaji wa inama mjini, waliotandaza chini barabarani, kwa bei ambayo mzazi anaimudu. Vingi vina majina ya wenyewe wa zamani ndani. Nimewaambia wanafunzi wayaandike majina hayo kwenye daftari zao, nao waongeze la kwao kwenye kitabu.

Kijana wa Mwanza

Wakuu, mimi nina daftari tangu nikiwa chuo, limejaa nukuu. Shida yangu ni kupata kitu. Najua mahali fulani niliandika jambo zuri juu ya ardhi, silioni. Jedwali silitaki, nukuu zangu ni ndefu. Wazee mnafanyaje?

Mkutubi Mstaafu

Mwanangu, hilo lilishatatuliwa zamani. Mwaka 1686 mwanafalsafa John Locke alichapisha njia yake ya kuweka faharasa kwenye daftari la nukuu, na kwa Kiswahili inakubali vizuri sana kwa kuwa silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Fanya hivi.

Tenga kurasa mbili za mwanzo. Andika herufi zetu zote kushuka chini, kutoka a hadi z, ukiihesabu ch kuwa moja na kuziacha q na x. Zinakuwa 24. Mbele ya kila herufi weka visanduku vitano vya a, e, i, o, u. Una visanduku 120. Kila nukuu ipe neno kuu moja, kisha chukua herufi ya kwanza ya neno hilo na irabu ya kwanza inayoifuata. Haki inakwenda H-a. Deni, D-e. Mirathi, M-i. Mtoto, M-o, maana irabu ya kwanza ni o. Ardhi yako inakwenda A-i.

Sasa ndipo penye akili. Usigawe kurasa za daftari mapema. Nukuu ya kwanza ya D-e ikija, chukua ukurasa mtupu unaofuata, ule wowote, uupe D-e, na namba yake iandike kwenye kisanduku. Ukurasa huo ukijaa, chukua mwingine mtupu na uongeze namba. Hakuna ukurasa unaokaa bure ukisubiri herufi isiyokuja. Visanduku vya M na U vitajaa namba kuliko vingine, kwa sababu majina yetu ya watu na ya mambo ya kufikirika yanaanzia humo. Vichoree nafasi pana tangu mwanzo.

Kwa daftari lako la zamani, weka namba kwenye kurasa zake zote, kisha chora faharasa hiyo kwenye karatasi nyingine uibandike ndani ya jalada. Pitia kurasa chache kila jioni.

Fundi Data

Mzee, hii nimeikubali. Naiweka kama safu kwenye jedwali langu leo.

Mama Wawili

Naomba niseme jambo ambalo halijaguswa. Mnapoweka orodha zenu wazi mtandaoni, fikirini nani anasoma. Orodha ya vitabu inaonyesha mtu anaumwa nini, anaamini nini, anaogopa nini, ndoa yake imefika wapi. Mimi nilipokuwa nasoma vitabu vya malezi baada ya mtoto wa pili sikutaka mtu ajue, na nilikuwa na haki hiyo. Mitandao mingi ya vitabu inaanza na mpangilio wa kuonekana na kila mtu. Ingieni kwenye mipangilio mbadilishe kabla hamjaongeza kitabu cha kwanza. Na daftari la mwenzako ukilikuta mezani, usilifungue.

Kwa watoto ni tofauti. Wangu nawaandikia mimi: kitabu gani, nani alisoma kwa sauti, wapi waliomba turudie. Mkubwa sasa anajua kuandika na ameanza kujiandikia. Maneno yake ni mafupi kuliko yangu na yana ukweli mwingi zaidi. Kuhusu nyota za kutoa alama, yeye amekataa. Anasema kitabu kimoja kinamtisha na anakipenda, atakipa nyota ngapi?

Msomaji wa Jioni

Dada, mwanao amenijibia. Nami sitoi nyota. Hisia mbili zinazopingana juu ya kitabu kimoja nikizibana kwenye namba, nimeipoteza moja.

Fundi Data

Mimi natoa, na nitaendelea. Nikitaka kumtafutia mtu kitabu cha zawadi, alama zinanifikisha kwenye orodha fupi haraka. Ila nimeongeza safu ya tarehe ya alama, maana nikisoma mara ya pili alama inabadilika na sitaki kuifuta ile ya kwanza.

Mgeni Jukwaani

Samahani wakuu, nimeusoma uzi wote. Nina umri wa miaka arobaini na kidogo, nimesoma tangu utotoni na sijawahi kuandika chochote. Vile vya nyuma nivifanyeje? Nianze tu na vya leo?

Mkutubi Mstaafu

Anza na cha leo, kile unachokishika sasa, ukiandike kikamilifu. Vya nyuma vipe kurasa zake mwishoni mwa daftari, na usivipange kwa tarehe usizozikumbuka. Vipange kwa mahali: vya shule ya msingi, vya sekondari, vya chumba cha kwanza ulichopanga, vya kazini. Mtu husahau mwaka lakini hakumbuki vibaya ni chini ya paa gani alikuwa anasoma. Kila kimoja mistari miwili inatosha. Mwaka ukiukisia, tanguliza neno "takriban" ili usije ukajiamini kesho. Kisha waulize mliosoma nao. Ndugu na marafiki wa shule watakutajia vitabu vilivyokutoka kabisa, na pia nani alikuwa navyo na nani hakuvirudisha maktaba.

Bint Pwani

Na majina ya hao waliokukumbusha uyaandike.